Ngoja-Nione na Meza Nne za Dada Yake

Mgeni anayeshuka boti la saa kumi haulizi habari za bahari. Bahari anaiona, imemzunguka pande zote. Akishaoga, akavaa kaptura mpya yenye mikunjo ya dukani, anakuja kusimama mbele ya meza ya mapokezi na kuuliza lile swali ambalo kila mgeni hudhani yeye ndiye wa kwanza kuliuliza: "Jamani, hapa watu wanakula wapi?"

Nyuma ya meza hiyo, katika nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, alikaa mwanamke mwembamba, mama wa mtoto mmoja, ambaye hakuwahi kulijibu swali hilo kwa haraka. Alimwangalia mgeni kuanzia viatu hadi kofia, akakuna unyusi, akasema, "Ngoja nione." Jina likamganda. Kuanzia wauza madafu wa gatini hadi mafundi cherehani wa sokoni, wote walimwita Ngoja-Nione. Hata mumewe, siku akiwa na furaha, alimwita hivyo.

Kwenye karatasi ya ajira aliandikiwa kupokea wageni na kutunza funguo. Kazi yake hasa ilikuwa kushuku. Kila asubuhi aliandika kwa chaki, kwenye ubao wa mlangoni, majina matatu ya mahali pa kula siku hiyo, na jina halikupanda ubaoni mpaka yeye mwenyewe awe amepita. Wala hakupita mbele. Alisema mgahawa una nyuso mbili kama mnafiki, wa mbele umepakwa poda, wa nyuma ndio wake. Basi alizungukia uani. Akashika kitambaa cha kufutia meza, akakinusa. Kikinuka, hakuuliza tena habari za mchuzi. Akatazama sabuni ya kunawia. Sabuni ambayo kona zake bado ni kali, alisema, hiyo ni pambo. Akatazama paka. Paka wa mgahawa akikataa kichwa cha samaki, wewe binadamu unakaaje mezani?

Wenye migahawa walimpenda kama watu wanavyompenda daktari wa meno. Mmoja wao, mwenye mgahawa mkubwa wa ufukweni aliyeitwa Bwana Vitambaa kwa sababu meza zake zote zilitandikwa vitambaa vyeupe, aliwahi kumpelekea nyumbani samaki mzima aliyefungwa gazetini, mzito kama mtoto. Ngoja-Nione hakumfungua. Alimrudishia aliyemleta, akasema, "Kamwambie samaki wake amepotea njia."

Dada yake mkubwa naye alikuwa na mgahawa. Ulikuwa na meza nne chini ya bati, jiko la mkaa nyuma, na ubao wa kukatia vitunguu uliobonyea katikati kama godoro la zamani. Mwaka mzima Ngoja-Nione alikataa kuliandika jina la dada yake. "Watasema nalisha ukoo," alisema. Dada alinuna, akacheka, akanuna tena. Mpaka siku bosi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alipokwenda kula pale bila kuambiwa na mtu, akarudi akilamba vidole, akasema, "Kwa nini huyu hayumo ubaoni? Unamwonea dada yako?" Ndipo jina likapanda, na tangu siku hiyo halikushuka. Meza nne zile zikaanza kujaa wageni, dada akapata kumwajiri mwanamke wa kuosha vyombo, akaweka na pazia mlango wa mbele na wa uani.

Wiki ya kisa hiki bomba lilikuwa limekauka mtaa mzima. Ngoja-Nione alipita kila mgahawa na swali moja, kali kama sindano: maji mnatoa wapi, na mnayachemsha? Mmoja aliyejibu kwamba anachota kisimani na "moto wa kupikia unatosha" alifutwa hapo hapo. Kwa dada yake alisimama juu ya sufuria mpaka akaona kifuniko kinaruka.

"Ukiridhika unijulishe," dada alimwambia, "maana mkono umechoka kushika kifuniko."

"Nimeridhika."

"Asante, mheshimiwa."

Siku ya Jumanne boti lilimshusha mwalimu mstaafu na mkewe. Watoto wao, waliokwisha kuwa watu wazima wenye kazi zao, walikuwa wamechanga kuwapeleka likizo ya kwanza maishani mwao. Mwalimu alivaa kofia ya majani iliyokuwa bado na karatasi ya bei, na mkewe alimfuata nyuma akijaribu kuinyofoa bila yeye kujua.

"Mwanangu," mwalimu akamwambia Ngoja-Nione, "tumbo langu ni la mtu mzima. Nitume mahali ambapo wewe ungempeleka baba yako."

Maneno hayo yalimwingia. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa bado mwanafunzi wa darasa la tano, hakupata kumpeleka popote. Safari hii hakusema ngoja nione. Aliwapeleka mwenyewe kwa miguu, akawavutia viti, akamwagiza dada samaki mmoja mkubwa wa kukaanga wa kula wawili, wali, na sharubati ya embe glasi mbili. Akawaacha wakicheka, kofia ikiwa juu ya meza.

Kesho yake asubuhi alikuta mlango wa chumba namba sita uko wazi na mke wa mwalimu amekaa kizingitini, ndoo mbele yake.

"Hajalala," alisema yule mama. "Anakwenda, anarudi. Tumbo linamkata."

"Na wewe, mama?"

"Mimi sijambo kabisa. Ndiyo ajabu yenyewe. Tulikula sahani moja, samaki mmoja, yeye upande wa kichwa na mimi upande wa mkia."

Ngoja-Nione alimtazama. Kwa kitambo kifupi, na baadaye aliona haya kukumbuka, alimshuku hata mke. Miaka arobaini ya ndoa ina mengi. Kisha akaona jinsi yule mama alivyokuwa amekunja kitambaa chenye maji mara nne sawasawa tayari kwa paji la uso la mumewe, akaifukuza fikra hiyo.

Bosi alikwisha kupata habari. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, miwani puani, akilisoma jina la dada kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona.

"Daktari amekuja, ametoa dawa, anasema ni kitu alichokula au kunywa," alisema. "Atapona. Lakini jina la nyumba yangu, je? Mzee wa watu amekuja kupumzika, anapumzikia chooni."

"Bosi, nipe nafasi nijue ni nini."

"Boti linaingia saa kumi. Wageni wanne. Wakiuliza wale wapi, nataka niwe najua nani amemwangusha huyu mzee. Ikifika saa hiyo hujui, nalifuta jina la dada yako. Na sitalifuta hapa peke yake. Nitawaambia wenye nyumba za wageni wote, kisiwa kizima. Unanielewa?"

Alielewa. Meza nne zile ziliishi kwa wageni. Wenyeji walikuja kunywa chai na kupiga soga. Chai haimlipi mwosha vyombo wala haimnunulii mtoto daftari. Dada alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni. Jina likifutwa kisiwa kizima, atabaki na pazia lake mlangoni likipepea.

Akatoka, kilemba kimekaa upande.

Alianza kwa muuza samaki. Alimkuta gengeni anapaa magamba, akainua shavu la samaki mmoja mmoja mpaka wateja wakaanza kunong'ona.

"Jana ulimuuzia dada yangu samaki wa lini?"

"Wa jana hiyo hiyo," muuza samaki akajibu, kisu hakikusimama. "Na mwenzake nilikula mimi na wanangu sita. Unataka kuja kutuhesabu kama tumepungua?"

Wateja wakacheka. Akaondoka kwa muuza maembe, akabonyeza maembe, akauliza yaliyopondeka yanakwenda wapi. Muuza maembe, bibi mwenye jino moja la dhahabu, alimpa embe mkononi. "Lionje," alisema. "Ule hapa hapa mbele yangu. Ukiumwa, genge hili ni lako na mjukuu wangu nakupa juu." Ngoja-Nione alilila. Lilikuwa tamu, na hilo lilimkera zaidi.

Njiani akawaza. Samaki mzima, embe zima, maji yamechemka mbele ya macho yake. Basi ni mtu. Na mtu ni nani aliye mgeni katika jiko lile? Ni yule mwosha vyombo, mwanamke mkimya, wiki mbili tu tangu aajiriwe. Alitoka wapi? Hapo Ngoja-Nione akasimama katikati ya njia, mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele. Alitoka kwa Bwana Vitambaa! Alikuwa akiosha vyombo ufukweni miezi minane, akaacha ghafla, akaja kwenye meza nne chini ya bati. Nani anaacha vitambaa vyeupe akafuate bati? Kikulacho ki nguoni mwako. Samaki alirudishwa, sasa ameletwa nyoka.

Akafika kwa dada saa sita na nusu, watu wamejaa. Kama kawaida yake akazungukia uani. Mwosha vyombo alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono imezama kwenye povu. Ngoja-Nione akachukua glasi, akaielekeza juani. Akachukua ya pili. Akanusa kitambaa. Akaitazama sabuni, nayo ilikuwa imelika mpaka imekuwa nyembamba kama jani.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama askari?" dada aliuliza kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mwalimu anaumwa. Tumbo. Tangu alipotoka hapa."

Dada akashusha mwiko. "Maskini! Na mkewe?"

"Mzima."

"Sasa si walikula sahani moja?"

"Ndiyo nauliza. Glasi mbili, moja safi na moja ina nini? Nani aliziosha?" Akageuka kwa mwanamke wa karai. "Dada, wewe ulitoka kwa Bwana Vitambaa. Nani alikutuma huku?"

Mwanamke yule alinyanyua uso. "Nilijituma mwenyewe."

"Mtu haachi ufukweni akaja uani bila sababu."

"Sababu ninayo. Haikuhusu."

"Leo inanihusu! Amekupa nini ututilie humo?"

Alisema kwa sauti, na pazia ni pazia tu. Mbele kijiko kiligonga sahani. Fundi viatu, mteja wa chai wa kila siku, akachungulia. Mgeni mmoja kijana aliyekuwa anakula alisogeza sahani yake polepole mpaka katikati ya meza, akaitazama kama inayoweza kumrukia, akaondoka bila kuaga.

Dada alimwona anavyokwenda. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Tangu uko mdogo," alisema, "ukipewa kipande cha muhogo unakigeuza pande zote kwanza. Mama alikuwa akicheka. Mimi nikasema, mwacheni, atatufaa. Leo umekuja kugeuza watu kwangu, mbele ya wateja wangu. Toka."

"Dada, saa kumi bosi anafuta jina..."

"Na wewe umeanza kulifuta kabla yake. Toka, nina wali motoni."

Alitoka kwa njia ya uani. Nyuma yake alisikia maji ya karai yakianza tena kusukwasukwa, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Akapita nyumbani kumnyonyesha mtoto. Mtoto wake, msichana wa miezi kumi aliyeitwa Kijino kwa sababu jino lilikuwa moja na la pili linasumbua kutoka, alishinda na bibi yake, mama mkwe wa Ngoja-Nione. Kawaida alisikia vicheko vyake tangu kona ya mtaa. Leo hapakuwa na kicheko. Alimkuta amelala ubavu kwenye mkeka, macho yamelegea, nepi tatu zinaning'inia kwenye kamba na ya nne kwenye beseni.

"Ameanza asubuhi ulipotoka," mama mkwe alisema. "Mara tano. Nimekuwa nikimpa maji ya chumvi na sukari, kijiko kijiko, kama walivyotufundisha kliniki. Ungechelewa kidogo ningekutumia mtu."

Ngoja-Nione alimchukua. Ulimi wa mtoto ulikuwa na unyevu, machozi yalikuwapo alipolia, akashukuru. Akamweka kifuani, na mtoto akanyonya kwa uvivu, vidole vyake vimekamata ukingo wa blauzi. Lakini mdomo wa mama haukutulia.

"Mama, umempa nini jana?"

Mama mkwe alikuwa anakamua nepi. Aliikamua mpaka mwisho ndipo akajibu. "Nilikuwa nalingoja hilo."

"Siulizi kwa ubaya."

"Wewe huulizi kwa ubaya, unauliza kwa mazoea. Nimelea wanne, mmoja wao ndiye mumeo. Haya, sikiliza. Uji alikataa. Ndizi ya kuponda alikataa, akanitemea hapa begani. Kutwa nzima jana, zaidi ya ziwa lako, hakutia kitu kinywani. Fizi zilimuuma. Alikuwa anang'ata kile kibarafu chako ulichomfungia kwenye kitambaa, basi."

"Barafu."

"Barafu. Kiliyeyuka nikamfungia kingine. Angalau kilimnyamazisha."

Ngoja-Nione aligeuka taratibu kutazama pembeni ya chumba. Friza lilikuwa pale, linanguruma. Mumewe alikuwa fundi friji. Alilikuta limetupwa nyuma ya hoteli moja, akalifufua, mlango wake ukawa unafungwa kwa mpira wa baiskeli. Dada hakuwa na friza. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Ngoja-Nione alijaza ndoo ya barafu, akaifunika taulo, akampelekea dada yake kwa ajili ya sharubati za wageni. Ilikuwa zawadi yake. Alijivunia barafu ile, nyeupe, imara, ya vikombe vya plastiki.

Na maji yake? Maji ya kunywa alichemsha, tena mara mbili. Ya barafu alichota moja kwa moja kwenye pipa, maana kila mtu anajua baridi inaua. Nyama haiozi frizani. Mdudu gani basi ataishi mle? Wakati bomba linatoka hakuna aliyeumwa, na hilo kwake lilikuwa ushahidi tosha.

Mumewe aliingia kula, mikono ina grisi. Akamwona mkewe amesimama mbele ya friza, mtoto begani.

"Limezima?"

"Pipa ulilijaza wapi bomba lilipokauka?"

"Kisimani, kile cha nyuma ya shule. Kwani?"

Kisima kile kile alichomfutia mtu jina.

"Niambie wewe fundi. Baridi inaua vijidudu?"

Mume akacheka. "Ingekuwa inaua, hospitali zingekuwa zinachemshia nini vyombo? Baridi inavilaza tu. Ukivipa joto vinaamka, vinapiga miayo, vinaanza kazi." Kisha akauona uso wa mkewe, kicheko kikakatika. "Mama Kijino. Si unachemsha ya barafu pia? Mimi siku zote najua unachemsha."

Ngoja-Nione akamweka mtoto sawa begani. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe uani kwa dada: nani aliziosha? Amekupa nini ututilie humo? Alipita sokoni akinusa maembe ya watu. Na ndoo aliibeba yeye, kwa mkono wake, imefunikwa taulo safi.

Akakaa kitini. Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo. Wazo likaja, laini, lenye adabu, kama wageni wanavyobisha hodi. Nani ajuaye? Ni mumewe na mama mkwe tu, nao hawajui habari za mwalimu. Angeweza kumwambia bosi kwamba ni glasi, kwamba mwosha vyombo ameshafukuzwa, mambo yamekwisha. Jina la dada lingebaki. Barafu angeichemshia maji kuanzia kesho. Mtu mmoja tu ndiye angeumia, mwanamke wa karai, asiye na ndugu pale.

Alimtazama mtoto. Kijino alikuwa amelala mdomo wazi, na kwenye fizi ya chini palikuwa na ncha nyeupe kama punje ya mchele. Jino lilikuwa limetoka. Akamfunga mgongoni, akaenda.

Bosi alimsikiliza akiwa amekaa, mikono tumboni. Alipomaliza, bosi alivua miwani.

"Hadithi nzuri," alisema. "Sasa niambie ya kweli. Damu nzito kuliko maji. Umeona dada yako anazama, umekuja kujitwisha mzigo wake. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Ngoja-Nione alikaza fundo la mtoto kifuani. Maisha yake yote hakuwahi kuwa upande huo wa meza, upande wa asiyeaminiwa.

"Bosi, nimekwambia kwa kinywa changu kwamba ni mimi."

"Ndiyo maana sikuamini. Mtu mwenye kosa hasemi mapema hivyo."

"Basi mwulize mama wa namba sita."

Wakaenda wote wawili. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani akinywa chai ya rangi, uso umerudi kidogo. Ngoja-Nione akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "Mama, jana sharubati yako ilikuwa na barafu?"

"Barafu? Mimi na meno haya? Nilimwambia dada yule anitolee zote. Huyu hapa," akamnyooshea mumewe kidole, "ndiye alizichukua zangu akatia kwake. Na zikiisha kuyeyuka kidogo anazitafuna, kra, kra, kama karanga. Miaka arobaini nasikia kelele hiyo."

"Barafu haijamdhuru mtu," mwalimu alijitetea.

"Imekudhuru wewe, baba," Ngoja-Nione akasema. "Na mwanangu huyu wa mgongoni, ambaye jana hakukanyaga kwa dada. Nilizitengeneza mimi, kwa maji ya kisima, sikuyachemsha. Uliniambia nikupeleke ambapo ningempeleka baba yangu. Nisamehe."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, jinsi walimu wanavyomtazama mwanafunzi aliyenyoosha mkono kukiri kwamba yeye ndiye aliyevunja kioo.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

"Ananyonya."

"Basi sote tutapona."

Nje, bosi alirudisha miwani puani. "Mapokezi atakaa mwenzako," alisema. "Wewe utafua mashuka. Sijui mpaka lini, usiniulize. Jina la dada yako libaki, na kinywaji pale kiwe bila barafu mpaka nitakapokuja mwenyewe kuona." Akaanza kuondoka, akageuka. "Kwamba dada yako hana kosa nimeamini. Ya kwako bado nayatafuna."

Saa tisa na nusu aliingia kwa dada yake kwa mlango wa mbele, kwenye pazia. Fundi viatu alikuwapo na wenzake wawili, chai zimepoa mbele yao. Walikuwa wanalijadili jambo lile lile, akaona jinsi midomo ilivyofunga. Dada alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Wamelifuta?"

"Hawajalifuta."

Kisu kiliendelea. "Nani basi aliyemlisha sumu mzee wa watu?"

"Mimi. Ni barafu. Nilichota kisimani, sikuchemsha. Na Kijino anaumwa kwa barafu hiyo hiyo." Akageukia uani, akainua pazia la nyuma ili sauti imfikie mwanamke wa karai. "Dada yangu, nilikusingizia mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

Fundi viatu akashusha kikombe. "Eh! Kumbe nyani haoni..."

"Wewe funga bakuli lako," dada alimkata. "Tangu asubuhi chai moja, na unataka na methali juu."

Mwosha vyombo alikuja mlangoni akifuta mikono kwenye sketi. Hakutabasamu. "Kule ufukweni," alisema, "glasi tuliambiwa tuzifute tu kwa kitambaa ziwahi mezani. Nilikataa kuzifuta bila kuziosha. Ndiyo sababu yangu. Ungeniuliza vizuri ningekwambia."

"Nilikuuliza vibaya."

"Vibaya sana."

Akarudi kwenye karai. Haukuwa msamaha, na Ngoja-Nione hakuomba zaidi. Dada aliweka kisu, akanawa, akafungua fundo la kitambaa kifuani kwa mdogo wake, akampokea mtoto. Akamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akamfungua mdomo kwa kidole kidogo.

"Limetoka," alisema.

"Leo hii."

Walisimama hivyo, mtoto katikati yao, mkaa unatema cheche. Kwa mbali boti lilipiga honi.

"Kesho utakuja?" dada aliuliza.

"Barafu sitaleta tena."

"Barafu naimwaga sasa hivi, sijakuuliza barafu. Nauliza wewe."

"Nikitoka kwenye mashuka."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Saa tisa hivi."

"Haya," dada alisema, akavuta kiti kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. "Sasa kaa, umnyonyeshe. Na wale wanne wa boti wakija, usimwangalie mtu viatu."